Nimepoteza theluthi ya mtaji wa hisa: niuze, nishikilie au niongeze?

Mtunza_Kibubu: Wakuu, habari zenu. Akiba yangu yote iko kwenye mfuko mmoja wa fahirisi, ule unaopanda na kushuka sawa na soko zima. Soko limeshuka asilimia 20 toka kileleni, mtaji wangu umepungua theluthi. Silali. Niuze, nishikilie, au ninunue zaidi nishushe bei ya wastani? Naomba ushauri, matusi hapana.

Ukuni_Mkavu: Shikilia. S&P 500, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka takriban asilimia 57 kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, na mwaka 2013 ilishapita kilele cha zamani. Waliouza chini ndio walioumia.

Bi_Mizani: Usimpe mfano wa Marekani peke yake. Nikkei, fahirisi ya hisa ya Japani, ilifika kileleni Desemba 1989, ikaja kukipita kilele hicho Februari 2024. Pesa utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu haikai kwenye hisa hata kidogo. Inakaa kwenye amana au hatifungani za muda mfupi. Watu wananunua hisa kwa hela ya ada, halafu wanalaumu soko.

Jicho_la_Tai: Uzi huu umetungwa. Mfuko wa fahirisi ukishuka 20, hata aliyenunua siku ya kilele anapoteza 20. Theluthi imetoka wapi?

Mtunza_Kibubu: Sijatunga. Sikutaka tu kulisema hili: katika kila 100, 60 zilikuwa zangu, 40 mkopo wa dalali. Ila riba yake ni ndogo, na bei sasa ni nafuu. Nimeshajaza oda ya kuongeza 20 kwa mkopo huohuo, bado kubonyeza tu.

Jicho_la_Tai: Basi hesabu inakubali, nafuta kauli. 100 zimekuwa 80, toa deni 40, umebaki na 40 kati ya 60 zako. Usibonyeze.

Bi_Mizani: Mkataba unataka mtaji wako usipungue chini ya asilimia ngapi ya thamani ya hisa? Tuseme 30, na riba tuiweke kando. Kwa deni la 40, dalali anakudai uongeze pesa hisa zikifika 57, yaani zikishuka asilimia 29 nyingine. Ukiongeza hiyo 20, deni linakuwa 60 na hisa 100. Anakudai zikigusa 86. Asilimia 14 tu! Ukiuza za 20 ukapunguza deni, unabaki na hisa 60, deni 20, na zinaweza kushuka asilimia 52 kabla hajakudai. Mporomoko kama ule wa 2008, asilimia 57 toka kileleni, ni kama asilimia 46 kutoka hapa tulipo, kwa hiyo ungeuvuka hisa zikiwa bado mkononi.

Ukuni_Mkavu: Lakini kuuza sasa ni kukubali hasara.

Bi_Mizani: Hasara ipo, auze asiuze. Anachokimbia ni kuuziwa kwa lazima, bei ikiwa chini kabisa. Mwenye mkopo wa dalali hana uhuru wa kusubiri, ndiyo maana "shikilia" yako haimhusu. Atumie oda yenye bei ya ukomo, yaani isiuze chini ya bei aliyoitaja, na aziache dakika za mwanzo soko linapofunguliwa. Pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji huwa pana.

Mtunza_Kibubu: Nimefungua mkataba. Imeandikwa 35, na dalali anaweza kuuza bila kunitaarifu.

Bi_Mizani: Basi si 29, ni 23. Futa ile oda kwanza, ndipo uweke ya kuuza.