MJADALA: Kasoro za Street Fighter za zamani, zirekebishwe au ziachwe zilivyo?

Wadau habarini. Kila gemu ya zamani ikitolewa upya ugomvi ni uleule, kuna wanaotaka kila kasoro ifutwe na kuna wanaosema ukigusa kitu umeiua gemu. Hizi gemu nimezicheza tangu niko mdogo na hili jambo linanigusa kweli, naomba tulijadili kwa hoja.

Tuanze na Street Fighter ya kwanza kabisa, gemu ya ngumi ya kampuni ya Capcom, 1987. Kuna mashine zake zilikuja na pedi mbili kubwa za mpira badala ya vitufe vya kawaida, ukigonga kwa nguvu Ryu, mpiganaji unayemwendesha, anapiga kwa nguvu, ukigonga kidogo anapiga kidogo, wazo tamu ila halikudumu, vikashinda vitufe sita. Na Hadouken sasa, ule mpira wa nguvu anaorusha kwa mikono, unazungusha jostiki vizuri kabisa haitoki, unarudia haitoki, mara ya tano unabahatisha inatoka na inakula damu ya mtu vibaya mno. Hapo sina huruma. Gemu isiposikia mkono wako ni mbovu, irekebishwe.

Sasa njoo Street Fighter II ya 1991. Zile kombo tunazoringia, mapigo yanayounganishwa mfululizo mpinzani asipate nafasi, zilianza kama kosa! Noritaka Funamizu, produsa wake, alikuwa anakagua hatua ya bonasi ya kuvunja gari akaona kumbe ukipatia muda unaweza kuchomeka pigo jingine juu ya lile la kwanza. Akaona ni ngumu mno hakuna atakayeiweza, akaiacha tu. Leo nitajieni gemu ya ngumi isiyo na kombo. 1993 kwenye Super Street Fighter II Capcom wenyewe wakaanza kuzihesabu kwenye skrini na kuzipa pointi. Hebu fikirieni siku ile angesema "safisha hii".

Ila ndani ya gemu hiyohiyo ya 1991 yupo mpiganaji anaitwa Guile. Kuna namna ya kubonyeza, mpinzani ananasa kwake kama kafungwa pingu, hafanyi chochote, na kuna namna nyingine mashine nzima inajizima na kuanza upya na sarafu ya mwenzako imeliwa bure. Hiyo nayo tuiite utamu?

Msimamo wangu: kosa ambalo kila mtu anaweza kulifanyia mazoezi libaki, kosa linalomnyang'anya mwenzako mchezo liondoke.

JIBU
Mkuu nakubali nusu. Nani anaamua lipi ni lipi? Baada ya Champion Edition ya 1992, toleo jipya la Street Fighter II, mitaani kulizagaa mashine zilizochakachuliwa, ile maarufu inaitwa Rainbow, Ryu anarusha Hadouken akiwa hewani na zinamfuata mtu, fujo tupu, lakini watu walijazana hapo kwa sababu ya kasi, na mwaka huohuo Capcom wakaja na Turbo, toleo lao wenyewe lenye kasi zaidi. Wangesikiliza wasafishaji tusingeipata. Hata ya Guile ni historia, ukiifuta mtoto wa leo atajuaje gemu ilivyokuwa?

JIBU LA MLETA MADA
Kaka hoja yako ya historia naipokea kwa mikono miwili na imenifanya nirekebishe kauli. Lakini ona, kwenye mashine ya Rainbow wote wawili mmechakachuliwa sawa, yule wa pingu za Guile anabaki ameshika jostiki anaangalia tu, na nimeshawahi kuwa huyo, nilikuwa na hela ya raundi moja tu siku hiyo. Basi toleo la 1991 liuzwe kama lilivyo bila kuguswa hata kitu kimoja, mtu alicheze kwake na washkaji zake. Kwenye mechi za mtandaoni na mashindano pingu hapana. Wa Guile mliopo humu, mnaikubali hiyo?