Kata ya kisiwani imewekewa kistari kwenye jedwali la polisi. Nikiandikeje?

Kijana_wa_Igoma
Wakuu, habari za jioni. Najitolea ofisi ya maendeleo ya jamii hapa Mwanza, na nimepewa kazi ya kuandaa taarifa ya ukatili wa majumbani kwa ajili ya kikao. Takwimu zote ni za polisi. Kata za mjini zina namba kubwa, za pembezoni ndogo, na kata moja ya kisiwani haina kitu kabisa, wamechora kistari. Bosi anataka niandike kwamba kisiwani hali ni shwari, fedha za semina zibaki mjini.

Shida ni kwamba mwaka jana nilikaa kule wiki mbili tukihesabu vyoo. Chumba changu na cha jirani vilitenganishwa na bati tu. Usiku wa pili nilisikia. Usiku wa tano nikasikia tena. Asubuhi yule mama alikuwa anaanika dagaa kwa mkono mmoja, ule mwingine kaufunga kwa khanga. Mwenyeji wangu akasema, "Wale ndivyo walivyo."

Sasa nitamwambia nini bosi? Sina utaalamu, nina masikio yangu tu.

Bibi_Afande
Mwanangu, mimi ni mstaafu wa polisi. Miaka ya mwisho nilikaa Dawati la Jinsia na Watoto, wilaya ya ng'ambo huko. Ngoja nikuoneshe hicho kistari kinavyopatikana.

Mama kapigwa usiku. Kisiwani hakuna kituo. Anakwenda kwa wakwe, mume anaitwa, anafokewa, wanapatanishwa. Hiyo ya kwanza haiandikwi popote. Ya pili inafika kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye anaandika kwenye daftari la shule analolaza chini ya godoro. Daftari lile halijawahi kupanda boti. Ya tatu mama anaamua kuja polisi. Nauli kwenda na kurudi anayo nani? Mume. Akiipata, anafika kituoni uvimbe umeshashuka, ananikuta niko mahakamani na kesi nyingine, anapokewa na kijana wa kaunta: "Mama, haya si mambo ya nyumbani? Wazee mmeshawaona?" Nimewasikia wakisema hivyo. Kabla sijapelekwa mafunzo, na mimi nilisema.

Akiwa king'ang'anizi anapata RB, yaani namba ya ripoti yake kituoni, anapewa PF3, ile fomu ya polisi, akatibiwe. Hapo ndipo anaanza kuhesabika, lakini anahesabika kama nani? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, ila adhabu haikutaja. Kwa hiyo tunarudi Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili. Na mlevi aliyempasua mlevi mwenzie kilabuni naye ni 241. Askari anayeandika asipojaza mtuhumiwa ni nani kwa mlalamikaji, mama yule hutamtoa tena mle ndani.

Na hizo namba kubwa za mjini zisikutishe. Dawati letu lilikuwa kona ya kaunta, kila anayekuja kumdhamini ndugu yake anasikia. Tulipopewa chumba chenye mlango, kesi zikapanda. Mkuu wangu akaniita, "Mbona ukatili umeongezeka kwako?" Nikamwambia, afande, hatujaongezewa wanaume wabaya, tumeongezewa mlango.

Ngosha_wa_Kisesa
Kila siku wanawake tu. Na sisi tunaopigwa? Jirani yangu kamwagiwa uji wa moto, akasema kajikwaa jikoni.

Kijana_wa_Igoma
Kaka, alikwenda kuripoti?

Ngosha_wa_Kisesa
Aende akachekwe kaunta?

Bibi_Afande
Haya, na yeye umeshamchorea kistari chake.

Mdodosaji
Niongezee kidogo, nimefanya kazi ya udodosaji kwenye tafiti kadhaa kanda ya ziwa. Hatumuulizi mtu "umefanyiwa ukatili?" Atasema hapana. Tunauliza: amewahi kukuzaba kofi? Kukusukuma? Kukukaba? Mko wawili tu, na mtu akitokea unageuza maswali yawe ya afya ya mtoto. Kuna ambaye anajibu "hapana, hajawahi" kisha kwenye kofi anasema "la kofi si ndiyo hivyo."

Utafiti wa MAISHA ulifanyika hapahapa Mwanza kwa wanawake wa vikundi vya mikopo. Matokeo ya 2017, wanawake 1,049: asilimia 61 waliwahi kupigwa au kulazimishwa ngono na mwenzi, asilimia 27 ndani ya miezi 12. Sasa tafuta kituo chenye vitabu vinavyokaribia hapo.

Ila usije ukaipachika hiyo 61 kwenye kistari chako. Wale ni wanawake wa mkopo, si wa kisiwani. Halafu utafiti unahesabu watu, tena wengine wanaeleza ya miaka yote ya ndoa, wakati polisi wanahesabu matukio yaliyoripotiwa kipindi kile. Mama mmoja akiripoti mara tatu ni matatu polisi, kwetu ni mmoja. Ukizitoa moja kwa nyingine utapata upuuzi wenye desimali.

Kijana_wa_Igoma
Shikamoo bibi, na asante sana Mdodosaji. Basi kichwa cha jedwali nabadilisha: "Matukio yaliyoripotiwa polisi", na pembeni naongeza safu ya umbali hadi kituo na nauli ya boti. Kwenye kistari naandika "hakuna kituo". Bosi akikataa, akatae kwa maandishi. Wiki ijayo navuka kwenda kumwomba mwenyekiti lile daftari.

Bibi_Afande
Marahaba. Daftari lisomee palepale kwake, uhesabu tu. Usipige picha, mle mna majina. Na yule mama wa dagaa usiende kumuulizia, kijiji kizima kitajua kabla hujashuka kwenye boti. Ukimkuta mwaloni nunua dagaa zake, uondoke.