Desemba hii twende Manyara

Kikundi: WAJUKUU NA WANA WA BIBI

Neema (Arusha): Shikamooni wakubwa. Tumerudi salama kutoka Manyara, watoto wamelala tangu Makuyuni. Picha hizo hapo.

Mama Mkubwa (Moshi): Marahaba mwanangu. Poleni na safari. Hii ya tatu mko wapi? Naona majani tu chini yenu.

Neema: Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, jirani na geti la Mto wa Mbu. Ni madaraja ya kamba, mti kwa mti, jumla mita 370. Unaanza chini, yanakupandisha taratibu mpaka unafika mita 18.

Mama Mkubwa: Mita 18 ni ghorofa ngapi?

Kaka Juma (Dar): Kama sita hivi, Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa: Yesu wangu! Na watoto mkawapandisha??

Neema: Tulipanda nao na muongozaji mbele. Chini ni mbao, kushoto na kulia wavu. Linayumba, hilo siwafichi. Mwenzako akikanyaga nyuma yako unasikia mbao inainuka miguuni. Ila kila daraja linaishia kwenye jukwaa, mnasimama, mnapumua, mnaendelea. Asha alilia daraja la kwanza, la pili akaniachia mkono.

Brayan (Nairobi): Anti Neema hiyo ni kutembea tu 😄 Desemba mje huku tuwapeleke Kereita, ule msitu wa Aberdare. Ziplaini zake ukijumlisha zinapita kilomita mbili! Unafungwa mikanda, helmeti kichwani, unaachiliwa. Kamba ya chuma imeinama, uzito wako ndio unakuvuta.

Kaka Juma: Na mtoto mwepesi?

Brayan: Mwepesi anaweza kukwama katikati kabla hajafika, ndiyo maana wadogo wanafungwa pamoja na mwalimu.

Neema: Brayan mwanangu, ziplaini nzuri na wewe na wenzako nendeni, sina kipingamizi. Lakini mkutano wa Desemba ni wa ukoo mzima. Nataka mahali ambapo Bibi na Asha wataona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwenye ziplaini msitu unakupita. Pale juu Manyara tulisimama, hondohondo wawili wakatua kwenye mkuyu chini yetu. CHINI yetu, Brayan. Nilimwona ndege mgongoni, akichuma kuyu kwa ncha ya lile domo lake kubwa, analirusha, analidaka, analimeza. Halafu kima akaja kukaa kwenye tawi usawa wa macho ya Asha. Wakatazamana. Mtoto hakusema neno mpaka kima alipoondoka.

Mama Mkubwa: 🥹

Kaka Juma: Ninachojiuliza, ukitoka Makuyuni kote ni nyika, vumbi na migunga. Msitu mnene hivyo unatoka wapi?

Neema: Kaka hapo ndipo uliponigusa! Msitu ule hautegemei mvua inayonyesha pale. Mvua inanyesha kule juu kwenye nyanda za Ngorongoro, maji yanazama kwenye miamba ya volkano, yanasafiri chini kwa chini, yanatokea miguuni mwa ule ukuta wa Bonde la Ufa. Muongozaji alituonyesha maji yakitoka kati ya mawe, meupe kabisa. Kwa hiyo mizizi inakunywa mwaka mzima. Ukisogea mbele kidogo maji yanapoishia, nyika inarudi palepale.

Bamdogo (Mwanza): Na ndizi na mpunga wa Mto wa Mbu vinanyweshwa na vijito hivyohivyo vya kutoka ukutani. Miti ikikatwa kule juu, wa chini watalia.

Neema: Kweli Bamdogo. Ndiyo maana nataka watoto wote wauone, wakiwa bado wana umri wa kuuliza maswali.

Mama Mkubwa: Mimi kizunguzungu jamani.

Bamdogo: Dada, nilipokuwa Rwanda nilipita lile daraja la msitu wa Nyungwe, pale Uwinka. Mita 160 tu kwa urefu, ila linavuka bonde na chini yako ni kama mita 70. Kama mdogo wako alivuka lile, hili la Manyara utavuka. Tazama mgongo wa aliye mbele yako, usitazame miguu.

Neema: Na asiyetaka kupanda anakaa chini, kuna kivuli, nyani na tembo wanapita na gari liko karibu. Halazimishwi mtu.

Rehema (kwa Bibi, Moshi): Bibi amesikia nikimsomea. Anasema niandike hivi: "Zamani tukienda Karatu basi lilikuwa linasimama Mto wa Mbu tunanunua ndizi nyekundu. Msitu nimeupita nje miaka yote. Nataka kuingia. Nikishindwa daraja la kwanza mtanirudisha."

Neema: Bibi wangu ❤️ tutakurudisha.

Brayan: Bibi akienda na mimi naja. Kereita itangoja.

Kaka Juma: Basi imepita. Mahitaji?

Neema: Kila mtu mzima abebe kitambulisho, ada ya Mtanzania ni ndogo mno kuliko ya mgeni, lazima uthibitishe. Geti hawapokei fedha mkononi, tunalipa kwa namba ya malipo. Chini ya miaka mitano bure. Daraja lina malipo yake, tofauti na kiingilio. Viatu vya kufunga, ndala hapana. Tuondoke Arusha saa 12 asubuhi, ni mwendo wa saa mbili hivi.

Mama Mkubwa: Brayan wewe una pasi ya Kenya, utalipaje?

Neema: Hifadhi zetu Mwana Afrika Mashariki analipa kama sisi, aje na kitambulisho chake.

Kaka Juma: Natafuta kosta. Andikeni majina hapa chini.

Mama Mkubwa: 1. Bibi
2. Mimi. Ila nitakaa nyuma ya Bamdogo.