Mjadala: Vyanzo vitatu, pawa ampu moja. Priampu ni lazima?

Wakuu, pawa ampu ya nyumbani (ampu inayosukuma spika) kwa kawaida ina matundu mawili tu ya kuingizia muziki, kulia na kushoto. Sebuleni kuna king'amuzi, deki na simu. Wapo wanaosisitiza kwamba bila priampu (kifaa kinachokaa kabla ya pawa ampu, cha kuchagua chanzo na kukuza sauti) utaharibu mashine. Wengine wanasema weka waya wa Y, yaani waya unaounganisha vyanzo kadhaa kuwa njia moja, changanya vyote, mambo yaishe. Mimi napinga wote wawili.

Tuanze na priampu. Deki au kompyuta nyingi hutoa hadi volti 2 hivi, na pawa ampu nyingi hufika nguvu yake yote kwa volti 1 au 2. Kwa hiyo hakuna cha kukuza hapo! Kinachokosekana ni vitu viwili: swichi ya kuchagua chanzo na kitasa cha sauti, kile cha kuzungusha kuongeza au kupunguza sauti. Kiboksi chenye swichi na kitasa cha omu 10,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kinatosha kabisa, hakihitaji hata umeme. Ila waya wa kutoka hapo kwenda kwenye ampu uwe mfupi, ukirefuka sana sauti nyembamba zinafifia.

Kitasa si pambo. Chanzo kisicho na cha kupunguzia sauti kikimwaga volti 2 zote kwenye ampu, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, mara nyingi ndizo zinaungua kwanza.

*Mchangiaji:* Mkuu, mbona mtaani kwetu mafundi wanaunga kwa Y na muziki unapiga miaka yote? Mimi nazima deki nikiwasha king'amuzi, shida iko wapi?

*Mtoa mada:* Shida ni kwamba ukiunga hivyo, tundu la kutolea la king'amuzi linalisha tundu la kutolea la deki. Chukua kila moja lina ukinzani wa omu 100. Chanzo cha volti 2 kikilisha ampu yenye omu 10,000, kinatoa miliampia 0.2 tu. Ukikiunga na mwenzake aliye kimya, kinalazimika kutoa miliampia 10, mara 50, na ampu inabaki na nusu ya volti. Ndiyo maana sauti inapwaya na kukwaruza. Na kuzima deki hakuiondoi kwenye waya. Deki nyingine zikizimwa hupiga shoti njia ya sauti kwa ndani, basi king'amuzi kinazidi kukabwa. Kupiga miaka yote si ushahidi kwamba kunapiga vizuri. Kama huna swichi, angalau weka resista (kijidude cha kuzuia umeme) ya omu 10,000 kwenye kila njia, kulia na kushoto, kabla hazijakutana. Sauti itashuka zaidi ya nusu lakini vyombo havitapigana.

*Mchangiaji mwingine:* Na sisi tunaotaka mic juu ya muziki? Halafu mzee wangu ana santuri.

*Mtoa mada:* Hapo nakubali bila ubishi, ndugu. Mic inataka mixa (kifaa cha kuchanganya sauti), maana unahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja na mic yenyewe ina sauti ndogo mno. Santuri nayo lazima iwe na priampu yake: sindano ya kawaida hutoa kama milivolti 5, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kurekodi, hivyo priampu ya santuri ndiyo inayoirudisha.

Kwa wote: pawa ampu iwashwe mwisho, izimwe kwanza. Anayepinga swichi aje na hoja.