MREJESHO: Laptopu ya mama iliyokuwa ikijizima

Wakuu, niliwauliza kuhusu laptopu ya mama inayojizima kila baada ya dakika 10, ninunue mpya au nitengeneze. Tuliipeleka kwa fundi wa jirani. Kabla hajashika bisibisi alimuuliza mama, "Humu kuna kitu usichotaka kipotee?" Kulikuwa na picha za marehemu baba. Akazinakili kwanza, ndipo akaifungua mbele yetu: feni imezibwa na vumbi zito kama sufi, na pasta ya kupozea prosesa (chipu kuu ya kompyuta) imekauka, inabanduka kama magamba. Kumbe ilikuwa ikipata joto mno, ndiyo maana ikajizima. Akasafisha, akapaka mpya. Tangu Jumatatu haijajizima hata mara moja. Wale wa huduma kwa simu niliowauliza kabla walinitaka nifute kila kitu kwenye laptopu. Nashukuru mno sikuwasikiliza.