Panya hawakufa: je, naweza kusema dondoo la mwarobaini ni salama kwa ini?

Mwanafunzi wa Famasia
Habari za leo wataalamu. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu dondoo (kemikali zilizotolewa kwenye mmea kwa kimiminika) la majani ya mwarobaini. Niliwapa panya majike dozi moja ya miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito, nikawafuatilia kwa siku 14 kulingana na mwongozo namba 423 wa OECD (shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima usalama wa kemikali), na hakuna aliyekufa wala kuonyesha dalili za ugonjwa. Je, naweza kuandika kwamba dondoo hili halidhuru ini? Msimamizi wangu anasita.

Mtaalamu wa Sumu
Ndugu, msimamizi wako anasita kwa sababu ya msingi. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba dozi moja kubwa haiui. Ini lina akiba kubwa, na mnyama anaweza kula na kukimbia vizuri huku sehemu ya ini lake imeharibika. Isitoshe, wagonjwa wetu hunywa mwarobaini kwa wiki kadhaa mfululizo. Fuata mwongozo namba 407 wa OECD, wa dozi ya kila siku: siku 28, angalau dozi tatu pamoja na kundi la kulinganishia, na kila kundi liwe na madume matano na majike matano. Ikiwa dozi ya juu ya miligramu 1000 kwa kilo haitaleta madhara, kumbuka kwamba kwa hesabu ya eneo la uso wa mwili unaigawanya kwa takriban 6.2 ili kupata dozi inayolingana nayo kwa binadamu, yaani kama miligramu 160 kwa kilo.

Mhudumu wa Maabara
Naomba kuongezea upande wa sampuli, kwa maana hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Pima vimeng'enya vya ALT, AST na ALP, pamoja na bilirubini na albumini, yaani vipimo vya damu vinavyoonyesha hali ya ini. Seramu (majimaji ya damu iliyoganda) ikiwa na wekundu, chembe nyekundu za damu zimepasuka na kumwaga AST iliyomo ndani yake, nayo itapanda hata kama ini ni zima. Ndiyo maana kwa panya ALT huaminika zaidi. Pima uzito wa ini, kisha kata vipande vyembamba na uvitumbukize mara moja katika fomalini (dawa ya kuzuia kuoza) ya asilimia 10, yenye ujazo usiopungua mara kumi ya kipande. Anayesoma slaidi za vipande hivyo kwa hadubini asijue kila moja imetoka kundi gani.

Mwanafunzi wa Famasia
Nawashukuru sana. Mimi nilitumia methanoli (aina ya alkoholi) kupata dondoo, ilhali watu huchemsha majani kwa maji. Je, tofauti hiyo ina uzito?

Mtaalamu wa Sumu
Ina uzito mkubwa, kwa kuwa methanoli huvuta kemikali ambazo maji huziacha, hivyo matokeo yako hayataisemea dawa inayonywewa nyumbani. Hata sehemu ya mti ni muhimu: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliodhurika baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini, na ini likaonekana kujaa mafuta. Usiyachukulie majani na mbegu kuwa dawa moja. Hakikisha pia majani yamekauka vizuri, kwani yakiota ukungu yanaweza kuwa na aflatoksini, sumu ya ukungu ambayo yenyewe huharibu ini, nawe utaulaumu mti bure. Kwa sasa andika kwamba dozi moja ya dondoo la methanoli haikuua panya katika siku 14, kisha anza jaribio la siku 28 kwa dondoo la maji.