"Bure", "huru" au "huria": niandike neno gani kwenye orodha ya magemu na programu?

FundiChikongola (Mtwara)
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Chikongola, na chumba cha nyuma ni cha gemu. Ukutani nimebandika orodha ya vitu ninavyowawekea watu kwenye simu na kompyuta. Miaka yote kila kisichokuwa na bei nimekiandikia neno moja: BURE.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Magomeni, simu mkononi. Mwanawe wa darasa la sita nilimwekea gemu la mpira kutoka kwenye orodha hiyo. Mtoto akawa ananunua wachezaji humo ndani mpaka shilingi 38,000 za mauzo ya samaki zikaisha. Mama hakunitukana. Alinyoosha kidole ukutani akauliza, "Mwanangu, hili neno umeliandika kwa maana gani?" Nilikosa jibu.

Orodha nimeibandua. Nachagua kati ya "bure", "huru", "huria" na "ya majaribio". Nisaidieni.

MwalimuNewala
Pole sana, fundi. Utata huu ni wa siku nyingi, na ulianzia huko huko programu zilikotoka. Mwaka 1982 Mmarekani Andrew Fluegelman alitoa programu ya mawasiliano, PC-Talk, akaiita "friwea", yaani programu ya bure, na kulisajili jina hilo liwe lake. Watu waliruhusiwa kunakiliana, ila aliyeipenda aliombwa atume dola 25. Yaani mwenye neno la kwanza la "bure" naye alikuwa anaomba pesa! Mwaka uliofuata Bob Wallace alitoa PC-Write akatumia jina jingine, "sheawea", programu ya kugawiana.

Wakati huohuo, 1983, Richard Stallman akatangaza GNU, mradi wa kutengeneza programu zilizo huru. Yeye hoja yake haikuwa bei. Alitaka mtumiaji awe na haki ya kuisoma programu, kuibadilisha na kuigawa. Lakini Kiingereza kina neno moja kwa "bure" na "huru", ikabidi kila mara aeleze kwamba anasema uhuru wa kujieleza, hasemi bia ya bure. Mwaka 1998 wenzake wengine wakaona bora waje na jina jipya kabisa, la "chanzo wazi", yaani msimbo (maagizo yaliyoandikwa ya programu) uko wazi kwa wote.

Sisi Kiswahili kimetupa maneno mawili tayari. Bure ni habari ya mfuko, huru ni habari ya haki. Inaniuma tukiyachanganya wakati wenzetu wamehangaika miaka kutafuta tulichonacho. Mimi nasema andika "huru".

BintiMikindani
Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe karibu kote, ila "huru" mteja akiiona kwenye gemu atafikiri ni gemu la kuzurura popote. "Huria" limeshakaa vichwani mwa watu. Soko huria tunalijua, na bidhaa humo zinauzwa. Chuo Kikuu Huria wengi wetu tumesoma, na ada tumelipa. Hakuna anayesikia "huria" akadhani hatatoa hata senti, wakati "bure" linamdanganya palepale. Timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoileta OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili mwaka 2004, ikaiita Jambo OpenOffice, ile ndiyo huria yenyewe: waliweza kuitafsiri kwa sababu leseni inaruhusu.

Halafu "bure" lina ubaya mwingine. Kazi bure, mtu bure. Nikimwekea mteja LibreOffice ya kuandikia barua nikamwambia ni ya bure, ananiuliza kama itamharibia barua zake.

KijanaRuangwa
Dada, huria ni tamu kwetu sisi wa kompyuta. Yule mama anataka kujua vitu viwili tu: itakula pesa? itakula bando? SuperTuxKart, gemu la mbio za magari, ni huria, unacheza bila intaneti, watu wawili kwenye kompyuta moja. Lile la mpira linafunguka bila kulipa kisha linakudai kila hatua. Yote mawili uliyaandikia BURE, tatizo ndilo hilo. Kwa la mpira mimi ningeandika kama wanavyoandika kwenye matangazo ya tamasha: KIINGILIO BURE. Kila mtu anajua soda ndani inauzwa.

MkulimaNanyamba
Kiingilio bure ni jina la upole mno. Huyo ni kangomba, mlanguzi wa korosho. Anakupa kidogo kabla ya msimu, mtoto ana njaa unapokea, siku ya kuvuna anabeba korosho zote kwa kipimo chake mwenyewe.

MwalimuNewala
Ndugu mkulima, uchungu wako naujua, lakini si kila gemu la namna hiyo linakomba. Wapo wanaocheza mwaka mzima bila kulipa. "Kiingilio bure" ni kweli kwa wote, kwa hiyo namuunga mkono Ruangwa. Hata wakubwa walilazimika kurekebisha maneno: mwaka 2014 Apple waliliondoa neno la bure kwenye kitufe cha kupakulia wakaweka "pata", na mwaka huohuo Google waliiahidi Tume ya Ulaya kuacha kuyaita ya bure magemu yanayouza vitu ndani.

Na "huru" langu naliachia, Binti. Huria limenitosha.

BintiMikindani
Ahsante mwalimu. Fundi, kuna moja hujaligusa: "kionjo". Doom, gemu la risasi la Desemba 1993, ilitoka hivyo, sehemu ya kwanza kati ya tatu unachukua na kumpa rafiki, zilizobaki unalipia. Muuza embe anakukatia kipande uonje, na kipande hicho ni chako. "Majaribio" iachie zenye siku, kama WinRAR, programu ya kubana mafaili, na siku zake 40.

KijanaRuangwa
Doom hiyohiyo msimbo wake ulikuja kuwa huria mwaka 1999, ila picha na ramani zake bado ni za wenyewe. Kwa hiyo usiiandikie huria nzimanzima.

FundiChikongola
Nimewaelewa, wakuu. LibreOffice, VLC ya kuchezea video na SuperTuxKart: HURIA, HAIDAI PESA. Doom: KIONJO. WinRAR: MAJARIBIO, SIKU 40. Gemu la mpira: KIINGILIO BURE, NDANI KUNA MALIPO, na chini yake kwa wino mwekundu, "mtoto asiachiwe simu yenye pesa". Yule mama nimempigia, kesho akitoka feri atapita aisome kwanza. Asipoielewa, siibandiki.